Kibuyu cha Siku ya Sitini

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Zimebaki siku kumi na moja. Mkataba wangu wa miezi sita unaisha Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni. Wa Molly pia. Nafasi ya kudumu ni moja, na Daktari Jerusa ndiye atakayependekeza jina. Nimepiga hesabu mara tatu, haibadiliki: makarani wawili, kiti kimoja.

Kwa faida ya watakaoandika wasifu wangu siku moja: mimi ni Gibson Kipngeno, mwenye shahada ya biokemia, karani wa mfuko wa utafiti hapa Litein, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Watu hutuletea maombi ya ruzuku za utafiti wa chai, maziwa na mahindi. Mimi na Molly tunayapokea, tunayapa namba, tunafunika majina ili mtathmini asijue anamsoma nani. Mtathmini ni Daktari Jerusa Nyaberi. Yeye anatoa alama, bodi inatia sahihi.

Daktari ni mkemia. Miaka ishirini na minne katika kiwanda cha dawa Nairobi. Alianza kwa kutumbukiza vidonge kwenye maji na kutazama saa: vimeyeyuka, havijayeyuka. Akamaliza akiwa mkuu wa ubora, mtu ambaye bila sahihi yake lori halitoki getini. Mwaka jana akaacha yote akaja huku kusoma maombi yetu. Kwa nini, sijui. Siulizi. Naogopa hata kumuuliza kama anataka sukari.

Nimechora maisha yake kwenye karatasi kwa mishale: vidonge, maabara, ubora, ruzuku. Kisha nikachora yangu. Yangu inaanzia kwenye ruzuku. Ile miaka ishirini na minne nimeiruka.

Amekuja na sheria za kiwandani. Wino wa bluu tu. Ukikosea, unakata mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, kando unaweka herufi za jina lako na tarehe. Rangi nyeupe ya kufutia ni marufuku. Leo ameona doa jeupe kwenye rejista yangu. Akalikwangua kwa ukucha, polepole, kama anakwangua kadi ya simu. Chini yake nilikuwa nimejaribu sahihi: Dkt. G. Kipngeno, Mtathmini Mkuu. Mara tatu. Akasema ile ya tatu ndiyo nzuri, niendelee nayo, ila nisiifiche. Molly ikabidi atoke akanywe maji.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa kwanza: mtu wa ubora huonekana kwa mbali. Nimenunua koti jeupe la maabara kwenye mitumba. Linanifika magotini, na mfukoni limeshonwa jina la kiwanda cha mikate, lakini nikishika faili kifuani jina halionekani.

Sikufika ngazini. Mbele ya duka la dawa za mifugo mama mmoja alinishika mkono, akaniita daktari, akasema ndama wake anaharisha tangu Jumapili. Nilitaka kumwambia mimi ni karani. Akaniita daktari mara ya pili. Nikamwambia ampe maji yenye chumvi na sukari kidogo, jambo ambalo ni kweli, nimelisoma. Nilipogeuka nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wazee wawili na mbuzi. Nimefika mezani nikiwa nimechelewa nusu saa.

Daktari hakuuliza nilikuwa wapi. Alikuwa dirishani muda wote. Alisema kiwandani koti halikuvuka mlango wa maabara hata kwa dharura, kwa sababu anayelivaa barabarani anaingiza barabara ndani ya dawa. Yeye mwenyewe aliwahi kumrudisha mkurugenzi mlangoni. "Na yule alikuja na vumbi tu. Wewe umeniletea mpaka mbuzi."

Nililivua. Molly akasoma mfuko kwa sauti, akaniagiza mkate mkubwa, uliokatwa.

Jumatano, 5 Novemba

Molly na Daktari wanacheka pamoja saa ya chai. Jambo hili linaniharibia usingizi. Molly ni mtu wa ziwani, na Daktari nilidhani ni wa hukohuko, kwa hiyo lazima wanapanga mambo yangu kwa lugha nisiyoielewa. Nikamwendea Ojwang, bawabu wa duka la chini, anifundishe salamu ya Kijaluo. Alinifundisha moja, kwa roho safi. Nikaifanyia mazoezi chooni. Saa nane mchana nikamwambia Daktari "oyawore", nikainama kidogo.

Daktari akavua miwani. Akasema yeye ni Mkisii wa Nyamira na Kijaluo hakijui hata cha kuombea maji. Akasema pia kwamba kwa jinsi anavyomsikia Molly akisalimia watu, hiyo ni salamu ya asubuhi. Kuhusu wanachokichekea, ni mimi, na wanacheka kwa Kiswahili, kwa hiyo niko huru kujiunga.

Saa tisa akaingia mwombaji kutoka Ndanai, Tecla Cheptoo, msichana wa rika langu lakini bila woga hata wa dawa. Ombi lake nimelipa namba kumi na saba. Anataka kujua mkaa wa mti wa senetwet, ule ambao bibi zetu husugulia ndani ya kibuyu, unafanya nini hasa hata mursik, maziwa yetu ya mgando, ikakaa miezi bila kuharibika. Sheria inaruhusu mwombaji kuleta kielelezo. Yeye ameleta kibuyu chenyewe, kidogo, mfuniko umezibwa kwa nta, na lebo aliyoiandika kwa mkono papo hapo: Namba 17. Maziwa yatatimiza siku 60 Jumatatu. Kisifunguliwe ila na mtathmini. Akaniuliza kama najua kutunza kitu. Nikamwambia nina shahada. Akasema hilo hakuuliza.

Tecla alipoondoka nilimpelekea Daktari kibuyu, akafurahi, jambo la nadra. Alisimulia kwamba kiwandani kila walipopika dawa waliweka chupa moja rafuni, ikae hapo hadi mwaka mmoja baada ya dawa yenyewe kuisha muda. Siku moja mama alikuja akilia kwamba dawa ya kikohozi imemtoa mtoto wake upele. Wakubwa wote waliapa dawa ni safi. Chupa ya rafuni haikuapa, ilifunguliwa tu, ikaonekana kweli kuna kasoro, na dawa yote ikarudishwa kutoka madukani. Akapiga kibuyu kofi dogo kama shavu la mtoto, akasema huyu ni shahidi, nimfungie kabatini, atampima Jumatatu.

Kabati limejaa faili. Nimekiweka jikoni nyuma ya birika, lebo ikitazama ukuta, Molly asijue kwamba nimeshindwa kupanga kabati.

Alhamisi, 6 Novemba

Naandika kwa shida.

Saa nne asubuhi Mwenyekiti wa bodi, Mzee Johana, alipanda ngazi bila taarifa. Daktari alikuwa mkutanoni Kericho. Molly alikuwa ameenda posta. Nilikuwa peke yangu. Nikamkaribisha, nikamfutia kiti, nikamwambia chai inakuja. Nikafungua mkebe. Hakuna majani. Ofisi imezungukwa na michai kila upande, kutoka dirishani naweza kuihesabu, na kwenye mkebe kumebaki vumbi.

Mzee akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayesubiri.

Kwetu mzee akikaa na kibuyu kipo, mzee anamiminiwa. Hakuna kikao kinachoitishwa. Mkono umelelewa hivyo. Lakini sitajitetea: lebo niliikumbuka. Nilifikiri hivi: kikombe kimoja tu. Kibuyu si chupa, nani ataona ndani? Nta nitaiyeyusha tena kwa mshumaa.

Alikunywa, akafumba macho. Akasema tangu azike mama yake hajaonja mursik kama hii. Akanyoosha kikombe. Sasa Mwenyekiti akinyoosha kikombe, karani wa mkataba afanye nini? Nikamimina. Cha tatu alikunywa amesimama, fimbo ikiwa tayari mkononi, huku akiniuliza baba yangu ni nani pale Kaplong na kwa nini hakunitambulisha mapema. Akasema ofisi hii sasa imepata kijana mwenye adabu na atamweleza Daktari hivyo.

Nilikuwa na furaha mpaka alipomaliza ngazi. Kisha nikakitikisa kibuyu. Kimya.

Ijumaa, 7 Novemba

Utulivu umerudi. Mpango wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza.

Maziwa lala, yale ya mgando ya kiwandani, pakiti mbili, kutoka dukani. Mkaa, kipande kimoja, kutoka kwa mchoma nyama karibu na stendi, ambaye hakutaka kujua ni wa nini. Nikauponda kwa kitako cha glasi, nikachanganya, nikamimina, nikatikisa hadi mabega yakauma. Mursik nzuri ina rangi ya mawingu ya kabla ya mvua. Yangu ina rangi ya saruji. Lakini kama nilivyosema, kibuyu si chupa. Nta nimeyeyusha, imekaa vizuri isipokuwa mahali palipo na alama ya kidole changu.

Molly alinikuta na pakiti mkononi. Akaniuliza siku hizi nakunywa lala pakiti mbili kwa mara moja? Nikasema tumbo. Akanitazama, akatazama kibuyu, akanitazama tena. Akasema, "Gibson, kama kuna kitu, sema mapema." Huo ni mtego. Anataka niseme ili kiti kiwe chake. Sikusema.

Wikendi nitapumzika.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikupumzika, na leo ndiyo sababu.

Daktari alikiweka kibuyu mezani saa tatu. Ana kipochi cha ngozi alichotoka nacho kiwandani, ndani yake kuna karatasi ndogo za kupimia ukali wa asidi, kijiko na kioo cha kukuzia. Alifungua nta. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu zaidi. Akasema mti wa senetwet haujui, mimi ndiye mwenyeji, hebu nimwambie: huwa unanukia mbuzi wa kuchoma?

Nikasema inategemea msimu.

Akachovya karatasi. Akasema maziwa haya hayana siku sitini, hayana hata sita. Akapitisha kijiko, akatoa kitu chembamba, akakiweka chini ya kioo. Kona ya pakiti ya plastiki, yenye herufi mbili za mwisho za neno "lala".

Nilingoja anigeukie. Hakunigeukia. Yeye hajui kilichotokea Alhamisi, na karatasi mbele yake inasema kibuyu kimefungwa na mwombaji mwenyewe. Akaandika kwa wino wa bluu: Kielelezo si halisi. Sheria yetu iko wazi: ombi linatupwa, na mwombaji haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu. Barua itatoka Alhamisi. Alifunga kipochi kwa huzuni. Alisema ombi lilikuwa zuri, na ndiyo maana amekasirika.

Kwa saa nzima nilikuwa mtu huru. Hakuna aliyenitaja. Niliagiza chapati.

Kisha nikapewa ombi namba kumi na saba nilirudishe kwenye faili, na kwa bahati mbaya najua kusoma. Ukurasa wa pili Tecla ameandika: "Bibi yangu ana miaka themanini na mitatu. Akisema mkaa umetosha, umetosha, lakini hawezi kunieleza amejuaje. Macho yake yanaisha. Nataka kujua amejuaje kabla sijamkosa wa kumuuliza."

Miaka mitatu. Themanini na sita.

Chapati sikuimaliza.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefikiri usiku na asubuhi. Mambo mawili lazima yatimie pamoja. La kwanza, Tecla aokolewe. La pili, mimi nisijulikane. Suluhisho ni barua isiyo na jina.

Nimeiandika kwa mkono wa kushoto, saa ya chakula, mlango nikiwa nimeufunga. Nainakili hapa kwa sababu imetoka vizuri:

"Mheshimiwa Mtathmini, kibuyu namba 17 kililetwa kikiwa halisi. Yaliyomo yalipotea humu ofisini siku ya Alhamisi, mikononi mwa mtu asiyejulikana, kijana mtanashati ambaye hakuwa na nia mbaya. Mwombaji hana hatia. Ni mimi, Mpenda Ukweli."

Mwanzoni nilikuwa nimeandika Jumatano badala ya Alhamisi. Sikuogopa. Nikakata mstari mmoja, kosa likabaki linasomeka, nikarekebisha kando kwa wino wa bluu na kumalizia kila kitu kinachotakiwa, kama tulivyofundishwa. Barua safi kabisa. Hata Daktari mwenyewe hataipatia kasoro.

Nimeisukuma chini ya mlango wake saa nane kasoro dakika tano. Mguu mwepesi. Moyo mwepesi.

Jumatano, 12 Novemba

Daktari aliniita saa mbili na dakika moja.

Barua ilikuwa mezani. Akanikaribisha kiti, ambalo si jambo zuri. Akasema katika miaka ishirini na minne kiwandani na mmoja huku amepokea barua nyingi zisizo na jina, nyingine za matusi, nyingine za kumtakia ajali, lakini hii ndiyo ya kwanza iliyotiwa sahihi. Akaweka kidole kando ya neno Alhamisi. Pale palikuwa na herufi mbili ndogo, nadhifu: G.K. Na tarehe.

Nilisema kila kitu. Nilianza na majani ya chai kwisha, nikaenda kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, mchoma nyama, glasi, mshumaa. Nadhani nilitaja pia kwamba saini za rejista zilikuwa nne, si tatu. Nilipomaliza nilimwambia nitaanza kukusanya vitu vyangu.

Alikuwa ameshika kalamu, anatazama nje. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka wake wa pili kiwandani alimwaga nusu ya maji ya kipimo, yale ambayo dawa zote hulinganishwa nayo. Akaogopa. Akajaza maji ya bomba hadi kwenye alama, akanyamaza. Siku mbili vidonge vya malaria vikapita mbele yake, na kila kidonge kikaonekana kina nguvu kuliko kilivyo. Siku ya tatu akamwendea mkubwa wake, Robert, mzee aliyekuwa na sauti kama mashine, akamwambia. Lori lilikuwa limewashwa injini. Robert aliteremka mwenyewe kwa miguu akasimama mbele ya lori. Hakumfukuza. Alimwambia siku tatu ni nyingi, mara nyingine afanye moja.

"Wewe umefanya tano," Daktari akasema. "Sita ukihesabu Sabato ya watu wa kwetu."

Niliona ana tabasamu, nikapata ujasiri wa kipumbavu, nikamuuliza lile swali: kwa nini aliacha kiwanda. Akasema kule kila kitu kilimfikia kikiwa kimekwisha. Kidonge kimeshapikwa, kimeshafungwa, kazi yake ni kusema ndiyo au hapana. Siku za hapana, watu hawakula naye chakula cha mchana. Huku kitu kinamfikia kikiwa bado ni swali kichwani mwa mtu wa Ndanai. Unaweza kukisaidia. "Na juzi nimeandika hapana kwa mtu asiyestahili, kwa sababu yako. Hilo ndilo linaloniuma, si mursik."

Kisha akawa mkemia tena. Akauliza Mwenyekiti alikunywa vikombe vingapi, vya ukubwa gani, na anaendeleaje. Nikasema vitatu, vya kawaida, na sijui. Akasema basi tuna mtu mmoja, umri miaka sabini na sita, aliyekunywa maziwa ya siku hamsini na sita, na hatujaandika chochote. Akanipa fomu. Akaniambia nimpigie.

Nilimpigia Mwenyekiti wa bodi kumuuliza habari za tumbo lake. Fomu inasomeka hivi. Saa sita baada ya kunywa: njema. Saa ishirini na nne: njema. Siku ya sita: njema. Maoni mengine: aletewe tena. Nikamweleza pia kibuyu kilikuwa cha nani na cha nini. Halafu akacheka hadi akakohoa, akasema amekaa kwenye bodi miaka saba na leo ndiyo mara ya kwanza ameshiriki utafiti.

Kesho naenda Ndanai kumwomba Tecla msamaha. Ni amri. Nilipotoka, Molly aliweka peremende mezani kwangu. Sijui anapanga nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Ndanai kwa bodaboda, tope hadi magotini. Tecla alinikuta langoni akanitazama viatu kwanza. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama, kwa sababu nikikaa ningebadilisha kidogo.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Aliniuliza kama nilijua lebo imeandikwa nini. Nikasema nilijua. Aliniuliza kama nilijua ingemgharimu miaka mitatu. Nikasema nilijua Jumatatu. Akahesabu kwa vidole hadi leo. Akasema, "Siku tatu ukilala nalo. Uliota vizuri?" Nikasema hapana. Akasema angalau hilo.

Kisha akamtafsiria bibi yake, Kogo, aliyekaa kwenye jua akichambua maharagwe kwa kuyapapasa. Kogo alisikiliza hadi kwenye mkaa wa mchoma nyama, hapo akashika ubavu. Alicheka bila meno, kwa muda mrefu. Akataka nimkaribie, akanishika vidole, akavinusa. Akasema kwa Kipsigis kwamba huyu mtoto hakufundishwa na mtu, tena ni mtoto wa Kaplong, aibu kwa mama yake. Kumpa mzee mursik hakukosea, akaongeza. Alikosea kuficha.

Nikauliza, kwa hofu, kama upo uwezekano wa kuanza upya, siku sitini nyingine. Tecla akamtafsiria. Kogo akauliza ni mwanamke gani mwenye akili anayetengeneza kibuyu kimoja. Akamwelekeza Tecla kwenye rafu ya juu ya jiko. Vilikuwa vinne, ndugu zake, vya siku ileile, vumbi juu ya mifuniko.

Nimerudi Litein nikiwa nimekibeba kimoja kifuani ndani ya sweta, mwenye bodaboda akiniuliza mtoto ana miezi mingapi. Daktari alikifungua saa kumi, mbele ya Tecla aliyekuja na bodaboda ya pili kwa sababu hakuniamini nacho peke yangu. Karatasi ya asidi ilibadilika rangi. Daktari akanusa, akaionja kwa ncha ya kijiko. Akakata mstari mmoja juu ya maneno yake ya Jumatatu, akaweka J.N. na tarehe. Halafu wakaanza kuzungumza, wawili hao, kuhusu mkaa na vijidudu na muda, kwa kasi ambayo sikuifuata na shahada yangu yote. Nilipoondoka bado walikuwa wanazungumza.

Ijumaa, 14 Novemba

Bodi imekaa. Ombi namba kumi na saba limepita, la pili kwa alama kati ya arobaini na matatu. Mzee Johana alijitoa kwenye kura ya ombi hilo kwa sababu, kwa maneno yake, tayari amekunywa ushahidi.

Saa kumi tukaitwa. Nafasi ya kudumu amepata Molly. Nilishalijua, lakini kusikia ni kitu kingine. Nilimpa mkono. Akasema pole, na nadhani alimaanisha, jambo linalonichanganya.

Kisha Daktari akasema mimi ameniombea miezi mitatu zaidi, chini ya Molly. Bodi ilimuuliza sababu. Aliwaambia kwamba kiwandani alitafuta maisha yake yote mtu asiyeweza kudanganya hata akijitahidi, na huyu hapa amejitahidi kwa wiki nzima. Wakatia sahihi.

Miezi mitatu. Nimempigia mama. Nimelia kidogo, kistaarabu.

Jumatatu, 17 Novemba

Wikendi nimeuchambua ushindi wangu kisayansi. Molly alifanya kazi vizuri miezi sita. Mimi nilifanya kosa moja, nikakiri mara moja, nikapata robo ya mwaka. Kwa hiyo kinacholipa ni kukiri. Kosa ni kama majani ya chai tu: bila hilo huwezi kupika. Tatizo langu ni kwamba sasa hivi sina kosa lolote.

Nimelitengeneza. Saa mbili na nusu nilibisha mlango wa Daktari, nikatazama sakafu, nikamwambia kuna jambo linanitesa: nilipokuwa nafunika majina nilibadilisha namba za ombi la ishirini na mbili na la thelathini na moja. Sikubadilisha kitu. Lakini nilikiri kwa sauti nzuri, na ndani ya siku moja, kama alivyotaka Robert.

Daktari alisimamisha kazi zote. Akamwita Molly. Wakafungua bahasha zote arobaini na tatu, moja baada ya nyingine, wakalinganisha namba, majina, alama na tarehe hadi saa kumi na nusu. Molly hakula mchana. Mzee Johana amepigiwa simu aahirishe kutoa barua. Hawakupata kosa lolote. Kila kitu kiko mahali pake, kama nilivyojua.

Daktari alinitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani ndivyo mtu anavyotazama anapokutana na moyo safi.

Kesho nitaenda kukiri kwamba hakukuwa na kosa. Hiyo itakuwa mara mbili ndani ya wiki moja. Molly hajakiri hata mara moja tangu aajiriwe.

Au nisubiri Jumatano. Jumanne ataona nina haraka.